Risiti ya kipimo haipunguzi kodi, njia ya kukilipia ndiyo hupunguza

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi hapa Mombasa, umri miaka 43, mshahara ghafi 85,000 kwa mwezi. Mume wangu ana miaka 52, ana duka la vipuri na hulipa ile kodi ya mauzo ya asilimia 3. Mwaka huu tumeamua tupimwe kabla hatujaugua: mimi matiti na mlango wa kizazi, yeye presha, sukari na tezi dume. Tumekadiria jumla ya 30,000. Tuna bima ya matibabu ya familia tunayojilipia, 48,000 kwa mwaka, iliyo kwa jina la mume wangu. Je, nikizihifadhi risiti za vipimo, KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) watanipunguzia kodi? Nasikia nchi nyingine hufanya hivyo. Na mwajiri wangu akikubali kutusaidia, asaidie kwa njia gani?"

Mwalimu, kwa swali la kwanza jibu ni hapana. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, haina kifungu kinachompunguzia mtu kodi kwa sababu amelipia kipimo cha afya. Pesa unazotoa mfukoni kwa ajili ya mwili wako na familia yako, kifungu cha 16 huzihesabu kuwa matumizi ya nyumbani, sawa na unga na pango la nyumba. Risiti iwe na muhuri, iwe imetoka kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haibadilishi lolote. Wapo wanaojazia watu ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) kule saiba, kwenye maduka ya intaneti, na kuahidi kuiingiza risiti ya hospitali kwenye sehemu ya bima. Usikubali. Sehemu ile hudai PIN (nambari ya mlipakodi) ya kampuni ya bima na nambari ya bima yenyewe, na anayeijaza kwa kubuni ametoa taarifa ya uongo kwa jina lako wewe, wala si kwa jina la mwenye saiba.

Hata hivyo usizitupe hesabu zako bado. Sheria yetu haimtuzi aliyepimwa, humtuza aliye na bima na aliye na mwajiri anayegharamia matibabu. Kwa hiyo kipimo kilekile, kwa bei ileile, kinaweza kukugharimu 30,000 kamili au pungufu sana, kulingana na mkono uliokilipia. Tuanze na bima, maana hapo ndipo mnapopoteza pesa sasa hivi.

Kifungu cha 31 humpa mkazi wa Kenya nafuu ya asilimia 15 ya ada ya bima ya matibabu aliyojilipia mwenyewe kwa ajili yake, mwenzi wake au watoto wake. Kikomo ni shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka, kiwango ambacho mtu hukifikia akiwa analipa ada ya 400,000. Ninyi mnalipa 48,000. Asilimia 15 yake ni 7,200 kwa mwaka, sawa na 600 kila mwezi. Hii inatolewa kwenye kodi yenyewe, haitolewi kwenye mshahara kabla ya kupigiwa kodi. Shilingi 600 za nafuu ni shilingi 600 zinazobaki mfukoni.

Sasa angalia bima iko kwa jina la nani. Mumeo hulipa kodi ya mauzo, ile ya biashara zenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo ghafi na hapo ndipo mwisho wake: haikubali gharama, haikubali nafuu ya mtu binafsi, haikubali nafuu ya bima. Duka likiuza 2,400,000 kwa mwaka, kodi ni 72,000, awe na bima au asiwe nayo, apimwe au asipimwe. Ile 7,200 yenu inapotea kila mwaka kwa sababu imewekwa kwa mtu ambaye sheria haimpi pa kuitumia. Wewe unakatwa PAYE, kodi ya mapato inayotolewa kwenye mshahara. Bima ikiwa kwa jina lako, PIN yako, na ada ikitoka kwenye akaunti yako au M-Pesa yako, huku mume na watoto wakiwa wanufaika, nafuu inapata pa kushikia. Badilisheni wakati wa kuhuisha bima, msivunje mkataba katikati ya mwaka, kwa kuwa bima mpya huja na muda wa kungoja kwa baadhi ya magonjwa. Iambie kampuni wazi kwamba unataka kubadilisha mwenye bima huku mkiendelea na bima ileile, ili miaka mliyokwisha kulipa isihesabiwe upya.

Kosa lingine la kawaida ni kudai nafuu kwa bima ambayo mwajiri ndiye aliyeilipia. Ada ile haikutozwa kodi mikononi mwako, basi huwezi kuipatia nafuu mara ya pili. Wala ada unayomlipia mama mzazi haimo: sheria inataja wewe, mwenzi na mtoto. Watoto wengi waliokomaa huwalipia wazazi wao bima kwa moyo mwema, na inauma kuwaambia hivyo, lakini heri wajue kabla ya kujaza ritani.

Bima peke yake haitoshi, kwa sababu bima nyingi za matibabu ya kutwa hazilipii kipimo cha mtu asiye na dalili. Hapa ndipo watu hukwama dirishani, kadi mkononi. Fungua kitabu cha masharti, usikisome kile kikaratasi cha matangazo, utafute mahali panapoeleza uchunguzi wa kawaida wa afya. Utakuta mojawapo ya mambo matatu: uchunguzi huo umeondolewa kabisa, au upo kwa kiasi maalumu kwa mwaka, au upo kwa sharti la kibali kabla ya kwenda na katika hospitali zilizotajwa tu. Pale uchunguzi unapoondolewa, uliza nyongeza ya ada ya kuuingiza ni kiasi gani. Tuseme wanataka 4,000 zaidi kwa mwaka. Nafuu yako huongezeka kwa 600, hivyo nyongeza inakugharimu 3,400. Ikiwa inalipia mamogramu moja na kipimo kimoja cha damu kwa kila mtu mzima, piga hesabu kwa bei za hospitali yako uone kama inakufaa. Mara nyingine haifai, na kulipa taslimu ni nafuu zaidi.

Usishawishike kumwambia daktari una uvimbe au maumivu usiyokuwa nayo ili bima ikubali. Maneno hayo huandikwa kwenye faili. Siku ukiugua kweli, kampuni inaweza kusema ugonjwa ulianza zamani na hukuutaja. Lakini kama kweli umehisi uvimbe, hicho si kipimo cha kujikinga tena, ni uchunguzi wa ugonjwa, na bima ya kawaida inapaswa kuushughulikia kama matibabu mengine. Sema ukweli, upande wowote ule.

Tuje kwa mwajiri, na hapa kuna pesa nyingi kuliko kwenye bima. Kifungu cha 5 husema huduma za matibabu au bima ya matibabu ambayo mwajiri humpa mfanyakazi wa kudumu na wanufaika wake haihesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi. Haina kodi. Fedha taslimu kwa jina la marupurupu ya matibabu ni jambo jingine kabisa: hizo ni mshahara.

Linganisha. Shule ikikuongezea 2,500 kila mwezi, jumla 30,000 kwa mwaka, "za kupimwa", hukatwa SHIF, mchango wa bima ya afya ya taifa, ya asilimia 2.75, ambayo ni 825, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, ambao ni 450. Hubaki 28,725 za kutozwa kodi. Kwa mshahara wako shilingi za juu hutozwa asilimia 30, kwa hiyo PAYE ni 8,617.50. Bila hata kugusa NSSF, mkononi unapata 20,107.50, na bili ya hospitali ni 30,000. Shule ileile, kwa 30,000 zilezile, ikiilipa hospitali moja kwa moja kwa utaratibu wa matibabu wa wafanyakazi, nyote wawili mnapimwa na hakuna senti inayokatwa kwako. Nayo shule huiandika kuwa gharama ya kuwatunza wafanyakazi wake katika hesabu za biashara.

Utaratibu huo una masharti ya kuangaliwa. Uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, na uwe wazi kwa wafanyakazi wa kudumu wote, usiwe fadhila ya siri kwa mwalimu mmoja. Ankara iandikwe kwa jina na PIN ya shule, ipitie eTIMS, na shule ilipe hospitali. Ukilipa mwenyewe kisha urudishiwe taslimu pasipo mpango ulioandikwa, mkaguzi ana haki ya kuuliza kama hizo si marupurupu tu. Kwa wenye kampuni, wakurugenzi wanaoidhibiti, sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mwaka. Kinachozidi hapo hutozwa kodi kwao.

Barua yako kwa mkuu wa shule isiwe ombi la msaada. Pendekeza mpango: wafanyakazi wa kudumu wenye miaka 40 na zaidi, pamoja na wenzi wao, wapimwe mara moja kwa mwaka katika hospitali ambayo shule imekubaliana nayo bei, shule ilipe ankara, kiwango kwa kila mtu kisizidi kiasi fulani. Kisha weka sentensi moja ambayo usikubali iondolewe: hospitali itaipelekea shule ankara yenye idadi ya watu waliopimwa, na majibu atapewa aliyepimwa peke yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti. Na kipimo cha VVU kisiwekwe kwenye kifurushi kwa lazima. Sheria ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili aajiriwe au abaki kazini. Walimu wakishuku kwamba ofisi itaona majibu, hawatajitokeza, na mpango wote utakuwa umekufa.

Jambo la tatu ni dogo ila linahusu kila mwenye mshahara. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, makato ya SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kwenye mshahara kabla ya kupigiwa kodi. Kabla ya hapo NHIF, mfuko wa afya uliotangulia SHIF, ilikuwa ikipata nafuu ya asilimia 15 tu. Kwako, SHIF ni 2,337.50 kwa mwezi. Kuitoa kabla ya kodi kunakuokolea 701.25 kwa mwezi, ambazo ni 8,415 kwa mwaka. Chukua hati yako ya mshahara na kalamu: mshahara ghafi, toa NSSF, toa SHIF, toa ushuru wa nyumba. Kinachobaki ndicho kinachopaswa kuandikwa kuwa mapato ya kutozwa kodi. Kama namba hailingani, mhasibu wako anatumia fomula ya zamani. Kosa hilo husahihishwa kwenye ritani, lakini ni rahisi zaidi kulisahihisha kwenye mishahara kabla mwaka haujaisha. Kwa anayewaza uzeeni, mchango kwenye mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu nao hutolewa kabla ya kodi hadi 15,000 kwa mwezi. Kwa daraja lako kila 1,000 unayoweka hukupunguzia kodi kwa 300.

Kuhusu nchi nyingine, ulivyosikia ni kweli. India, chini ya nafuu inayojulikana kama 80D, humruhusu mlipakodi aliye kwenye utaratibu wa zamani wa kodi kutoa hadi rupia 5,000 za uchunguzi wa afya, ndani ya kikomo chake cha bima, na hizo zinaweza kulipwa taslimu ilhali ada ya bima haikubaliwi ikilipwa taslimu. Malaysia iliongeza nafuu ya uchunguzi kamili wa afya kutoka ringgit 500 hadi 1,000 kuanzia mwaka wa kodi 2021. Uingereza haimpi mtu binafsi kitu, ila mwajiri anaweza kumgharamia mfanyakazi uchunguzi mmoja na ukaguzi mmoja wa afya kila mwaka bila kodi. Japani ina njia ya pekee: tangu Januari 2017, anayetaka kutoa kwenye mapato gharama za dawa fulani za dukani, zile zinazozidi yeni 12,000 na hadi yeni 88,000, sharti aonyeshe kuwa mwaka huo alipimwa afya au alichanjwa. Gharama ya kipimo chenyewe haimo katika nafuu hiyo. Kipimo ni ufunguo wa kufungulia nafuu nyingine. Jirani zetu Tanzania hawana nafuu ya mtu binafsi kwa vipimo, lakini matibabu au bima anayotoa mwajiri kwa mfanyakazi, mwenzi na watoto wasiozidi wanne hayahesabiwi kuwa mapato, mradi mwajiri asibague.

Je, Kenya iige? Kwa maoni yangu, si kwa mtindo wa India au Malaysia. Gharama inapotolewa kwenye mapato, anayetozwa asilimia 35 hurudishiwa 350 kwa kila 1,000, wewe 300, mlinzi wa geti anayelipwa 23,000 hapati kitu kwa sababu kodi yake imekwisha kumezwa na nafuu ya mtu binafsi ya 2,400 kwa mwezi. Mumeo naye hapati kitu. Mama anayeuza samaki Kongowea, ambaye huenda hajawahi kupimwa mlango wa kizazi, hapati kitu. Tungekuwa tunawalipia kipimo wale ambao wangepimwa hata hivyo. Isitoshe, hospitali hufuata pesa ilipo: nafuu ikitamka "uchunguzi kamili" bila kutaja vipimo, vitauzwa vifurushi vya vipimo thelathini kwa watu wazima wasio na hitaji navyo, na majibu yenye shaka yatawapeleka kwenye vipimo vingine vya gharama na hofu bure.

Kama serikali ingetaka kweli kutumia kodi, ningetaka kiasi kimoja sawa kwa wote, kikatwe kwenye kodi yenyewe, kwa orodha fupi ya vipimo ambavyo faida yake imethibitika, na mwajiri anayeupeleka mpango kwa vibarua wake, si maofisa tu, apewe zaidi. Ushahidi uwe ankara ya eTIMS yenye neno "uchunguzi" na hakuna zaidi. KRA haina haja ya kujua kilichopimwa, wala majibu yake. Shilingi iliyobaki iende kwenye dispensari, kwa sababu huko ndiko wasiolipa PAYE waliko.

Na huko dispensari ndiko mumeo aanzie. Huduma za msingi katika dispensari na vituo vya afya vya umma hulipiwa na Mfuko wa Huduma ya Afya ya Msingi kwa aliyejiandikisha SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, kwa hiyo presha na sukari hazina sababu ya kuwa ndani ya zile 30,000. Ajisajili kwanza, aende asubuhi kabla hajala ili sukari isomeke vizuri. Tezi dume azungumze na daktari kabla ya kutoa damu: PSA, inayopimwa kwenye damu kuangalia tezi dume, hupanda pia kwa maambukizi ya mkojo na kwa tezi iliyonenepa bila saratani, kwa hiyo asipime akiwa na maambukizi au wiki chache baada yake, na saa 48 kabla ya kipimo aepuke tendo la ndoa na safari ndefu ya baiskeli. Wewe panga mamogramu juma moja baada ya hedhi, matiti yasipouma, na siku hiyo usipake dawa ya kwapa wala poda, kwani chembe zake huonekana kama vidoa kwenye picha. Kipimo cha mlango wa kizazi kisifanywe siku za hedhi, wala usitumie dawa za ukeni saa 48 kabla. Haya ni mambo ya fedha pia: kipimo kilichoharibika hulipiwa mara mbili. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba kipimo cha virusi vya HPV. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kirudiwe kila miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke asiye na VVU, wakati kile cha kupaka siki hurudiwa kila miaka 3. Bei ya leo huenda ikawa kubwa, ila igawe kwa miaka.

Bima ikishakuwa kwa jina lako, dai kampuni ikupe cheti cha nafuu ya bima mwezi Januari. Ukikipeleka kwa mhasibu wa shule, zile 600 zitaingia kwenye mshahara kila mwezi. Usipofanya hivyo, utadai kwenye ritani: katika taarifa za mwanzo kuna swali kama una bima, jibu ndiyo, maana ukijibu hapana ukurasa wa nafuu hubaki umefungwa. Jaza PIN ya kampuni, aina ya bima, nambari yake, mwenye bima, tarehe na ada uliyolipa mwaka huo, ilingane na cheti kwa kila shilingi. Mwisho wa kuwasilisha ni 30 Juni ya mwaka unaofuata. Ritani ikionyesha kwamba ulilipa kodi ya ziada, pesa hazirudi zenyewe: ni lazima ufungue ombi la kurejeshewa kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, na una miaka 5 ya kulifanya tangu siku uliyolipa.